Vidole viwili na mikro moja: gitare ya umeme katika muziki wa kwetu Likasi



Jioni ya mila tuliyofanya katika msimu wa mvua uliopita ilituachia ugomvi ambao mpaka leo haujaisha, na kurasa hizi njo sehemu yetu katika ugomvi ule.

Mzee mmoja wa Kikula alipanda mbele ya watu kupiga wimbo wa gitare wa zamani, sawa vile tulimuomba. Gitare yake ya mbao ilikuwa imepasuka karibu na shingo, nyuzi hazishiki tena sauti. Kijana mmoja anayepiga katika kwaya alimpa ya kwake ya umeme kwa heshima yote: «Baba, kamata hii. Iko na nguvu, hata bale ba kule nyuma batasikia.» Na kweli, watu wa nyuma walisikia. Lakini walisikia nini? Walisikia mngurumo mmoja mzito, kama lori inapanda mlima na mzigo. Mzee alipiga mashairi mawili, akasimama, akamrudishia kijana gitare yake. «Mutoto, hii kintu inameza vidole yangu.» Akashuka.

Kwenye kikao kilichofuata, mmoja wetu aliomba iandikwe hivi: kuanzia sasa gitare ya umeme isiingie tena katika jioni ya mila. Wengi waliinua mkono. Sisi wenye kuandika hapa hatukuinua. Hatukuwa na maneno ya kueleza kwa nini, tulikuwa na mashaka tu. Tangu siku ile tumetafuta, tumeuliza, tumesikiliza, na sasa maneno tunayo.

1. Gitare yenyewe ilikuja kama mgeni

Wenye kuinua mkono wanasema: gitare ya mbao ni ya wazee wetu, ya umeme ni ya wageni. Hapa tunaomba tukumbushane kidogo. Wazee wetu walikuwa na ngoma, likembe na zeze. Gitare ya mbao ilifika kwa njia ile ile ya baiskeli na cherehani: kwa reli, kwa duka, kwa mshahara wa Union Minière. Mji wetu ulikuwa ungali unaitwa Jadotville (jina la Likasi lilikuja mwaka 1966), na watu walikuwa wanatoka kila upande kutafuta kazi ya shaba, kila mtu na lugha yake na nyimbo zake, mpaka Kiswahili kikawa uwanja wa wote.

Katika mji huo njo alisikika Mwenda Jean Bosco, mtoto wa Bunkeya, wa ukoo wa Bayeke. Hugh Tracey alimrekodi hapa Jadotville mwaka 1952, na wimbo wa «Masanga» ukatembea Afrika nzima katika sahani za santuri. Edouard Masengo naye alifika Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Wakenya wengi walijifunza kupiga kwa kusikiliza hao watu wetu. Mwaka 1961 na 1962 mtaalamu mmoja, David Rycroft, aliandika kurasa nyingi akichambua noti kwa noti vile Mwenda alikuwa anapiga. Haikuwa heshima ndogo kwa mtu aliyejifunza bila shule ya muziki.

Sasa tuulize: ni kitu gani chenye kilikuwa chetu katika kazi ile? Mbao? Hapana, mbao ilitoka dukani. Nyuzi? Nazo zilitoka dukani. Chetu kilikuwa mkono wa kuume: gumba na kidole cha shahada. Gumba linatembea juu ya nyuzi nene, linashika hatua, sawa mtu anayetembea bila haraka. Kidole cha shahada kinacheza juu ya nyuzi nyembamba, kinajibu, kinachokoza, kinaingia pale gumba liliacha nafasi. Mtu akisikia bila kuona anaweza kufikiri ni watu wawili wanapiga. Wazee wanasemaka: kidole kimoja hakivunji chawa. Mtindo wetu mzima umejengwa juu ya methali ile.

Kwa hiyo kipimo chetu katika uchambuzi huu ni kimoja tu. Hatuulizi kama chombo ni cha zamani ao cha sasa. Tunauliza: je, vidole viwili vinasikika kama viwili?

2. Mikro ya gitare ni shaba na sumaku

Vijana wengi wanachagua gitare kwa rangi na kwa jina lenye limeandikwa kichwani. Wazee nao wanafikiri umeme ni umeme tu, kama balbu. Wote wanasahau kile kipande kidogo chini ya nyuzi, kile tunaita mikro. Ile kazi yote ya sauti inaanzia pale.

Mikro ni kitu rahisi. Kuna sumaku, na kuizunguka kuna waya ya shaba nyembamba kabisa, unene wake kama sehemu sita za mia za milimita moja, imezungushwa mara elfu na maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, unatikisa nguvu ya sumaku ile, na katika shaba unazaliwa umeme mdogo sana. Ampli inaukuza umeme ule. Njo sababu nyuzi za nailoni hazisikiki katika mikro ya namna hii: hazina chuma cha kuitikisa sumaku.

Sisi watu wa Likasi tungepaswa kujua habari hii kuliko wengine. Waya ni shaba, mukuba wa bankambo. Na sumaku nzuri za zamani zinaitwa alniko, maana zimechanganywa alumini, nikeli na kobalti ndani ya chuma. Ile alniko ya namba tano, yenye inatumiwa sana katika gitare, iko na kobalti karibu sehemu 24 katika 100, na hata shaba kidogo ndani. Shaba ilisafishwa kwa umeme pale Shituru tangu mwaka 1929, na kobalti ya Katanga ilienda dunia nzima. Vita ya siku sita ya Kolwezi ilipoanza mwezi wa tano 1978, bei ya kobalti ilipanda sana, na watengenezaji wa bafle huko Ulaya na Marekani waliacha alniko wakaenda kwenye sumaku ya feriti, yenye haina kobalti. Vita ya kwetu ilibadilisha mashine za muziki za watu wenye hawakujua Kolwezi iko wapi. Basi mtu asituambie kwamba gitare ya umeme haituhusu.

3. Aina za mikro, na vile zinatendea vidole

Ya kwanza ni mikro ya bobini moja: sumaku na zunguko moja la waya. Njo ile ya gitare za Fender, Telecaster ya mwanzo wa miaka ya 1950 na Stratocaster ya mwaka 1954. Waya yake ni kama mizunguko 8.000. Inasikiliza sehemu nyembamba ya uzi, na inaacha sauti za juu zipite. Kwa hiyo sauti yake iko wazi, inakatika vizuri, kila noti inasimama peke yake kama watu wanapiga foleni bila kusukumana. Ubaya wake tutausema hapo chini.

Ya pili ni nduguye mnene, ile Gibson ilitoa mwaka 1946 na kuiita P-90. Nayo ni bobini moja, lakini pana, na mizunguko karibu 10.000. Sauti inakuwa na mwili zaidi, inakwaruza kidogo mtu akipiga kwa nguvu. Hapa kwetu si rahisi kuipata.

Ya tatu ni mikro ya bobini mbili, yenye watu wa gitare wanaita hambaka. Fundi wa Gibson, Seth Lover, aliomba haki ya uvumbuzi wake mwaka 1955, na gitare zenye mikro hiyo zilianza kuuzwa 1957. Bobini mbili zimelala pamoja, kila moja na mizunguko karibu 5.000, lakini sumaku zimegeuziana uso na waya zimepishana njia. Mngurumo wa umeme unaingia katika bobini zote mbili, unapingana wenyewe kwa wenyewe, unakufa. Sauti ya uzi, yenyewe, inajumlishwa. Matokeo: kelele ndogo, nguvu kubwa, sauti nene na ya moto. Lakini sauti za juu kabisa zinapungua, na noti jirani zinaanza kushikana mikono.

Katika familia hiyo kuna watoto wakali: hambaka za sumaku ya keramiki na waya nyingi, kama Super Distortion yenye DiMarzio alitoa mwaka 1972. Zilitengenezwa kwa kusudi la kuilemea ampli mpaka ilie. Gitare ya yule kijana wa kwaya ilikuwa na mikro ya ukoo huu, iliyowekwa karibu na daraja, na ampli yake ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Mpe mzee chombo cha namna ile, gumba na shahada vinakuwa uji mmoja. Mzee alisema ukweli: ilimeza vidole vyake.

Ya nne haina sumaku hata kidogo. Ni kipande cha piezo kinachowekwa chini ya daraja la gitare ya mbao. Kinasikia mkandamizo wa mbao wenyewe, na mara nyingi kinahitaji betri ya volti 9. Kinafanya kazi hata na nyuzi za nailoni. Watu wengi wanafikiri hicho njo jibu, maana gitare inabaki ya mbao. Tutaona.

Na msomaji asisahau mahali mikro imekaa. Karibu na daraja, uzi hautikisiki sana. Sauti ni kali na nyembamba. Karibu na shingo, uzi unatikisika kwa upana. Sauti ni ya mviringo, nyuzi nene zinapata kifua. Mikro ile ile, ikihamishwa sentimita kumi, inakuwa kama mtu mwingine.

4. Jumamosi ya kusikiliza

Tulikutana kule Panda, nyumbani kwa mmoja wetu, watu saba na gitare tatu za kuazima: moja ya hambaka mbili, moja ya bobini moja tatu, moja ya mbao yenye piezo. Ya yule kijana haikuwemo. Tulimwita, hakufika, alituma neno kwamba ako na kazi. Tunafikiri aliona haya.

Mzee alikubali kupiga wimbo ule ule juu ya kila gitare. Sisi tulikaa tukimgeuzia mgongo, ili macho yasisaidie masikio. Tunatoa hukumu yetu wazi.

Hambaka karibu na daraja, ampli juu: tulisikia tena lori. Lakini tulipogeuza kwenda mikro ya shingo, tukapunguza volimu ya gitare mpaka karibu nusu, tukashusha skurubu ili mikro iwe mbali kidogo na nyuzi, mambo yalibadilika. Gumba likatoka. Shahada ikasikika, ingawa kama mtu anayesema nyuma ya pazia. Haikuwa mbaya. Kumbe hata chombo cha yule kijana kingeweza kumtumikia mzee, kama mmoja wetu angejua kugeuza vitufe. Ile jioni hakuna hata mmoja wetu alijua. Tulikaa kwenye viti vya mbele na tukalaumu umeme.

Bobini moja, karibu na shingo, ampli safi bila kulia: wote saba tuliinua kichwa. Vidole viwili vilikuwa viwili. Ile nafasi ndogo kati ya gumba na shahada, pale wimbo unapumua, ilirudi. Mmoja wetu alianza kutikisa mguu bila kujua.

Lakini pia tulisikia nyuki. Mikro ya bobini moja inakamata kila umeme unaopita hewani: tubu ya neoni juu ya kichwa, kirekebisha umeme kwenye kona, waya mbaya ndani ya ukuta. Umeme wetu unatikisika mara 50 kwa sekunde, na mikro ile inauimba. Tulizima tubu, nyuki wakapungua. Mzee aligeuza kiti chake kuelekea dirisha, wakapungua tena, maana bobini inasikia zaidi upande mmoja kuliko mwingine. Kisha umeme ukakatika, sawa kawaida, tukawasha grupe ya petroli, na nyuki wakarudi na ukoo wao wote. Hapa tulielewa vizuri kwa nini vijana wa makwaya wanapenda hambaka. Hawaigi Wazungu tu. Wanapiga katika nyumba zisizo na waya wa ardhi, juu ya grupe, karibu na bafle mbovu, na wamechagua mikro inayonyamazisha mji. Tuliwahukumu bila kuuliza wanapigia wapi.

Gitare ya piezo: hakukuwa na nyuki wengi, na mbao ilisikika. Lakini shahada ya mzee, ile inayochokoza taratibu, iligeuka msumari juu ya bati. Labda piezo ya bei kubwa inafanya vizuri zaidi. Ile tulikuwa nayo ilisema kila kitu kwa ukali mmoja, na mtu wa mtindo wetu anahitaji tofauti kati ya kugusa na kupiga.

Mwisho tulimuuliza mzee: «Baba, katika zote tatu, gani inakupendeza?» Alicheka. «Ile ya katikati iko muzuri. Lakini munitengenezee yangu.»

Tulimletea gitare nyingine ya mbao, bila kitu ndani, tukaweka mbele yake mikro ya kawaida ya kuimbia, karibu na tundu, kimo cha shibiri moja. Katika chumba kile ilishinda zote. Tunaisema bila haya, hata ikiwa inaonekana kuwapa haki wenye kuinua mkono. Ila tulipofungua sauti kwa kipimo cha uwanja, ampli ilianza kupiga mluzi, na mzee aliziba masikio. Kwenye uwanja wa watu mia tatu njia hiyo haiendi mbali.

5. Tunashauri nini

Kwa chumba ao ukumbi mdogo: gitare ya mbao na mikro ya kuimbia. Hakuna kinachoipita.

Kwa uwanja, kama umeme uko mzuri: bobini moja, ya upande wa shingo, ampli safi, waya fupi (waya ndefu inakula sauti za juu), na tubu za neoni ziwe mbali.

Kwa uwanja na grupe: bobini mbili, upande wa shingo, volimu ya gitare chini, mikro mbali kidogo na nyuzi. Gitare nyingine ziko na kitufe cha kuzima bobini moja. Wakati nyuki wametulia, kitumike. Na zile zenye mikro tatu, mara nyingine ukichanganya ya katikati na ya shingo nyuki wanakufa pia, lakini tu ikiwa ile ya katikati imezungushwa kinyume. Mujaribu, masikio yatawaambia.

Kwa kwaya na kwa sebene, pale gitare moja inashika akompanyema na nyingine inapanda juu na solo, hatuna amri ya kutoa. Solo ya sebene inapenda bobini moja ya upande wa daraja, ili ipenye kati ya ngoma na sauti za watu. Akompanyema inakubali hambaka bila shida. Lakini hapo vijana wanajua kuliko sisi.

Nyuma ya shauri hizo kuna jambo lenye linatuuma zaidi. Jioni ile, kati ya watu wote, ni kijana mmoja tu aliona mzee hana gitare na akatoa ya kwake. Sisi wenye chama, wenye kusema mila asubuhi na mangaribi, hatukuwa tumeangalia hata kama gitare ya mgeni wetu ni nzima. Tukiandika katazo katika kitabu cha mikutano, yule wa kwanza tutakayemfungia mlango ni yeye. Na mikono ya mzee, baada ya mzee, itarithiwa na nani? Na wenye kuinua mkono? Wao hawapigi. Sisi pia hatupigi. Ni vijana wa kwaya njo wanapigaka kila siku ya Mungu, wana vidole, wana hamu, na hawajawahi kuonyeshwa gumba linatembea namna gani.

Mtindo wa gumba na shahada ulitoka mjini humu kwenda Nairobi. Usipofundishwa hapa, siku moja watoto wetu wataenda kuutafuta katika santuri za watu wengine, sawa vile tunauza kobalti ya mawe na kuinunua tena ndani ya gitare.

Kwa hiyo tunaomba mambo matatu. La kwanza, katazo lirudishwe mbele ya kikao kijacho, na kila mtu asikilize kabla ya kuinua mkono; gitare tunaweza kuziazima tena. La pili, gitare ya mzee itengenezwe kwa mfuko wa chama, na isingoje jioni nyingine. La tatu, mmoja wetu aende kwa yule kijana nyumbani kwao, amwombe msamaha, na amuulize kama Jumamosi ijayo anaweza kuleta gitare yake kule Panda. Mzee amesema yeye atakuwako.